Aliposema "Nafa", Nikamuahidi Sanda

Mimi ndiye yule mpumbavu wa Mtongwe aliyeegemeza gari juu ya mawe yaliyobaki tulipojenga choo, kisha akamwingiza binadamu mwenzake chini yake. Wala sikusukumwa na mtu. Akili zangu mwenyewe, timamu, baada ya chai na mahamri.

Chekeni, ruhusa. Mimi pia nilicheka, na kucheka kwangu ndiko kulikonileta hapa. Jiwe nimeshalisamehe. Mdomo wangu bado.

Nashona mapazia. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele, cherehani ikitazama dirisha. Kutoka nje sipendi, sikufichi. Mvua ikinyesha husikia kwa bati, jua likiwaka huambiwa na wateja. Ndiyo maana mwana wa mjomba wangu, ambaye hapa nitamwita Binamu tu, alinibandika mimi, mwanamume mzima, jina la "Mwari", yaani msichana anayefungiwa ndani mpaka siku ya kuozwa. Na si kwamba aliniita kwa siri. Aliniita kutoka njia panda.

"Mwari! Mwari we! Jipake manukato, waoaji wamefika!"

Nami dirishani: "Waambie wakuchukue wewe, kaniki isiyokuwa na mnunuzi!"

Kwetu sisi mtoto wa mjomba ni mtani. Kumtukana mtani si ruhusa tu, ni haki yake, usipompa atakudai. Ukimwamkia kwa adabu atakuuliza, "Kuna nini? Nani amekufa?" Adabu ni ya wakwe na wageni.

Na katika utani wake wote, Binamu alikuwa na mmoja aliouweka juu ya mingine. Kufa! Kazi yake kubwa duniani ilikuwa kufa. Siku ya harusi yangu alijilaza mlangoni pa jikoni, macho ameyafumba, akasema, "Nafaaaa!" Hakufufuka mpaka alipowekewa sahani ya pilau kifuani. Nikimwomba anisaidie kusogeza kabati, anakufa. Akinywa chai yangu akaikuta haina sukari ya kumtosha, anakufa.

Hata matangani kwa mama yangu, ambaye ni shangazi yake wa damu. Nilikuwa nimejiinamia siku ile, neno halinitoki, chakula hakipiti. Akaja akajibwaga mkekani ubavuni mwangu mbele za watu wazima na heshima zao: "Nafaaaa! Shangazi, ningoje twende sote, huyu Mwari ananinyima kahawa!" Nikacheka. Wallahi nilicheka, na kicheko ndicho kilichofungua machozi yaliyokuwa yamenikaba tangu asubuhi. Mtani ana kazi yake.

Na jibu langu lilikuwa moja miaka yote. Yeye akisema nafa, mimi nasema, "Kufa, sanda juu yangu." Kama vile watu wanavyoitikia salamu. Halina kufikiri ndani yake. Likumbukeni hilo.

Sasa gari.

Nina gari dogo kuukuu la kupelekea mapazia. Ekzosi yake, lile bomba la moshi, ililegea ikawa inagonga chini kwa chini, gong'o, gong'o, nikipita watoto wanaimba. Gereji ipo, tena hapo juu tu, hujamaliza kashata moja umefika. Lakini gereji lazima utoke! Ukae benchi, uulizwe habari za siasa, habari za mpira, habari za kwa nini huonekani. Nikasema la, hili nitalimaliza uani kwangu. Kuna simu, kuna video, kuna nini kinachonishinda?

Video niliiona. Yule bwana wa kwenye video alikuwa na maneno mengi. Akaonyesha sakafu yake ya saruji, ngumu na tambarare. Akaonyesha kabari anazosukumia nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Akaonyesha vile vigogo vya chuma vya miguu mipana ambavyo mafundi huviita stendi, akasema jeki ni ya kuinulia na stendi ndiyo ya kushikilia. Nikaona huyu anajaza muda. Nikapeleka mbele.

Nikapeleka mbele, jamani! Uhai wa mtu ulikuwa katika dakika nilizoziruka.

Uani kwangu ni mchanga mtupu. Nilipoanza kuzungusha jeki, jeki ndiyo iliyoshuka, gari likabaki linanitazama. Badala ya kusoma hapo kwamba ardhi inanikatalia, nikaenda kutafuta kibao cha mlango wa kabati, nikakiweka chini ya jeki, nikajiona mhandisi. Hendibreki ya gari lile ni jina tu, haikamati. Kabari sikuweka. Nikainua mbele, upande huu kisha upande ule, kila upande nikachomeka mawe mawili ya choo, moja juu ya jingine.

Mawe haya mnayajua, ndugu zangu wa pwani. Ni haya ya matumbawe, yanayochongwa machimboni, tunayojengea kila kitu kuanzia msikiti hadi banda la kuku. Yangu yalikuwa yamelala chini ya mfereji wa bati masika mazima, yamekunywa maji mpaka yakaota ukungu. Lakini nikayapiga piga kwa kiganja kama mtu anayesifu ng'ombe mnadani. Nikajisemea: jiwe kama hili limebeba choo cha ukoo mzima, litashindwa na kigari hiki?

Na hapa ndipo ninapojiuma vidole. Mimi ni mshona mapazia! Pazia zito ukilitundika kwa pete nyingi linakaa miaka. Lile lile ukilitundika kwa pini moja, linachanika ungali unalitazama. Nawaambia wateja hivyo kila siku. Ukuta hulaza uzito wake juu ya mawe mengi, lakini gari linasimama kwa ncha ya chuma mahali pamoja. Nilikuwa najua. Nilijua kwa kitambaa, sikujua kwa jiwe.

Kisha nikafanya jambo jingine, ambalo kila nikilikumbuka natamani kujizaba kofi. Nikaishusha jeki, nikaipangusa mchanga, nikairudisha kwenye buti, nikafunga buti kwa ufunguo. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa ndani hapendi vitu vizagae! Uwanja ukawa safi. Gari limekaa juu ya mawe ya choo, na kitu pekee cha kuliinua kimefungiwa mahali pake pazuri.

Nikalala chini niingie. Kitambi kikakataa. Nikajaribu ubavu, kikakataa. Ndipo nikasikia kutoka njia panda:

"Mwari! Leo umetoka nje? Nimwite imamu, au kiama kimekuja bila tangazo?"

Binamu huyo. Anapaka rangi nyumba za watu, na siku ile alikuwa ametoka kazini na madoadoa ya kijani mpaka kwenye kope.

Nikamwambia, "Afadhali umekuja, mjusi wa kijani. Ingia humo chini, wewe huna tumbo, una ngozi na umbea tu."

Akachutama akatazama mawe. Akanitazama mimi. "Haya si mawe ya choo?"

"Ni ya choo. Unataka ya ikulu?"

"Nikifa hapa utaandika nini kaburini? Aliuawa na choo?"

Tukacheka sote. Mama Riziki, jirani yangu wa ukuta mmoja, anayekaanga mahamri, akacheka na yeye kutoka kwake. Kila kitu kilikuwa kicheko siku ile. Binamu akavua shati, akajilaza chali juu ya gunia, akajisukuma mpaka nikawa naona miguu yake tu kuanzia magotini.

Akaigonga gonga ekzosi, akaivuta. Gari likatikisika kidogo. Nikaona unga mweupe ukimwagika kutoka kwenye jiwe la juu la upande wa kushoto, mwembamba, laini, kama unga wa chaki. Niliuona kwa macho yangu haya. Nikaona unapendeza.

"Mwari, lete waya niifunge hii," akasema.

Nikaingia ndani kutafuta waya. Waya wangu huwa uko kwenye kopo la vifungo, na kopo la vifungo huwa haliko mahali pake. Nikawa nafungua droo hii, nafunga ile. Dirisha liko wazi. Sikusikia kishindo, na hilo ndilo watu wengi hawaniamini nikiwaeleza. Wanadhani gari likimwangukia mtu dunia hutikisika. Sivyo. Lilikaa. Nilisikia sauti ndogo tu, kama mtu mzito anayekaa kwenye kitanda cha kamba.

Kisha nikamsikia Binamu.

"Nafa."

Mimi nimeinamia droo. "Kufa, sanda juu yangu!"

Kisha tena, chini zaidi.

"Mwari. Nafa."

Nikasema, na maneno haya nimeyabeba tangu siku hiyo kama jiwe ndani ya kiatu, "Basi kufa taratibu, waya sijauona! Na sanda nitakushonea ya pazia, yenye maua!"

Nikacheka mwenyewe. Niliipenda sana hiyo ya maua. Nikawa nairudia kimoyomoyo nisije nikaisahau, nimsimulie na mkewe.

Hakujibu. Nikadhani nimemshinda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka yote Binamu alipokufa kwa utani, neno lile alilivuta. Nafaaaa! Lilikuwa na mkia mrefu kama kanga iliyoachiwa upepo. Siku ile halikuwa na mkia. Nafa. Fupi, limekatwa, kama uzi kwenye mkasi. Lilikuwa fupi kwa sababu pumzi haikuwepo ya kulivuta! Kifua kilikuwa kimebanwa. Pumzi aliyobaki nayo alinipa mimi, mara mbili, na mara zote mbili nikamrudishia mzaha.

Mimi ninayesikia cherehani ikiruka uzi mmoja nikiwa chumba cha pili. Sikusikia.

Aliyesikia ni Mama Riziki. Anasema ni ule ukimya uliomshtua, maana Binamu hajawahi kuniachia neno la mwisho. Akapanda kwenye ndoo akachungulia ukutani. Ukelele alioutoa, kila pazia ninaloshona limeshonwa nao mpaka leo.

"Mwanangu! Gari limemkalia! Watu! Njooni watu!"

Nikatoka mbio na kopo la vifungo mkononi. Jiwe la juu lilikuwa limepasuka vipande vitatu na kusagika. Kipande kimoja kilikuwa kimejikwamisha chini ya chuma, na hicho ndicho Mwenyezi Mungu alichokitumia kumbakishia mwenzangu nafasi kidogo. Miguu yake ilikuwa inakwaruza mchanga, polepole, kama mtu anayetafuta kandambili gizani.

Jeki! Jeki iko kwenye buti. Buti limefungwa. Funguo ziko wapi? Nikakimbilia ndani, nikamwaga droo, nikamwaga kopo, vifungo vikatawanyika chumba kizima, nikalia, "Funguo! Funguo zangu!" Funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye kidole changu mwenyewe. Nilikuwa nimezivaa kama pete.

Niliporudi uani, wanaume wa mtaani walikuwa wameshajaa. Hawakungoja jeki ya mtu. Waligawana bampa na matao ya magurudumu, mmoja akasema "Bismillahi", wakainua kwa mikono, na Mama Riziki akamvuta Binamu kwa miguu, yeye na gunia lake. Mimi nilisimama. Nilisimama tu na funguo zangu.

Tulivuka feri naye nyuma ya pikapu ya jirani kupelekwa hospitali. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Midomo yake ilikuwa ya rangi ambayo sijawahi kuishona kwenye pazia. Katikati ya maji akafumbua macho akanitazama, midomo ikacheza. Nikainama, nikasema moyoni huyu sasa ananitukana, nitukane ndugu yangu, nitukane na ukoo mzima! Hakuwa ananitukana. Alikuwa anatafuta hewa.

Mbavu zilivunjika, na pafu moja likatobolewa. Alikaa wodini mpaka nikawajua wauguzi kwa sauti za viatu vyao. Mimi, mtu wa ndani, nilikuwa navuka feri kila kukicha. Alipona, alhamdulillah. Yuko hai. Ngazi hapandi tena, kwa hiyo kuta za juu wanapaka wengine, yeye anapaka mageti na madirisha ya chini. Akisema sentensi ndefu hupumzika katikati.

Lakini siku ya kwanza alipoweza kuzungumza, nilipokaa kando ya kitanda, aliniambia hivi: "Ahsante kwa kuja, kaka."

Kaka! Yule mtu hajawahi kuniita kaka tangu tuko uchi.

Nikajisemea ni maumivu. Kucheka kunamuuma mbavu, basi ameamua aache mpaka apone. Nikangoja. Mbavu zikaunga. Akaanza kupita njia panda yetu tena, anaenda kazini kwake. Nikawa nakaa dirishani nikisubiri. Anapita. Anainua mkono. "Salama, kaka?" Anaendelea. Mwari hakuitwa na mtu.

Na mimi huku ndani neno lile haliniachi. Mnajua mji wetu unavyosema. Mji mzima unakufa mchana kutwa! Mtoto wa shule anapita, "Nafa njaa." Mteja anaingia, "Nafa joto, mpenzi, una maji ya baridi?" Vijana barazani wanasimuliana, mmoja anashika mbavu, "Nafa mie! Nafa!" Kila nikilisikia naacha cherehani, natoka nje kwenda kutazama. Nimeshamtazama muuza madafu chini ya mkokoteni wake, alikuwa amelala zake tu. Wateja wananong'ona kwamba mshona mapazia kaingiwa na jini. Sasa ndiyo natoka nje sana, angalia mzaha wa Mungu.

Nikapata wazo. Wajinga hatuishiwi. Nikasema utani ndio ulioharibu, utani ndio utakaotengeneza. Ijumaa moja baada ya sala, na kanzu yangu nyeupe, nikaenda kwake. Mkewe akanikaribisha, "Karibu shemeji, yumo ndani, anakuja." Nikangoja nikasikia hatua zake. Nikajilaza mlangoni pake chali, kama yeye siku ya harusi yangu, nikafumba macho, nikaita kwa sauti yangu yote:

"Nafaaaa!"

Nikangoja aseme, "Kufa, Mwari." Nikangoja aniwekee sahani kifuani, hata ya makombo. Hatua zilisimama.

Nilipofumbua macho, Binamu alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mkono umeshika kifua, jasho limemtoka usoni. Akavuta pumzi, akaikosa, akaivuta tena.

"Inuka, kaka," akasema. "Utachafua kanzu."

Nikainuka. Nikajipangusa. Tukanywa chai kwa adabu kama watu waliokutana matangani kwa mtu wasiyemjua. Akaniuliza watoto hawajambo. Nikamuuliza mkewe hajambo, na mkewe alikuwa amekaa pale pale.

Basi nyinyi mnaosoma, nawaomba. Jeki inainua tu, haishikilii. Mkitaka kuingia chini ya gari, liwe juu ya saruji au ardhi ngumu isiyomeza, gia imekamata, breki imekamata, magurudumu yaliyobaki chini yamepigwa kabari. Chini ya chuma kigumu cha gari wekeni stendi, si jiwe, si tofali, si gogo la mnazi, hata kama limebeba nyumba ya babu yenu. Ingizeni na gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari, lije liwe mto likitokea la kutokea. Litikiseni gari kabla mtu hajaingia, mlitikise kama mnalichukia. Jeki iacheni karibu, wazi, izagae! Na mwenye kubaki nje abaki nje. Asiende kutafuta waya. Na gereji ikiwa karibu, jamani, nendeni gereji, mkaulizwe habari za mpira.

Stendi nimenunua. Nne, za chuma, nyekundu. Ziko uani na gari siligusi.

Juzi nilimweleza Mama Riziki yote haya ukutani, mikono yake ina unga. Nikamwambia stendi ninazo, mchanga nimeumwagia saruji, ya kufanya nimefanya yote, lakini mtani wangu hanitanii, na nafikiri wiki ijayo niende nikajaribu mzaha mwingine, labda wa mahari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Gari umelinunulia stendi, baba, vizuri. Sasa kanunue na ile sanda uliyomuahidi mwenzio, uchane kipande, ujifunge mdomo."